Fimbo Mbili za Shemeji Masanja: Kwa Miguu Kutoka Ilemela Hadi Nassa

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye pale kijiweni ananiuliza swali lilelile: "Mabula, ni kweli mlitembea?" Ndiyo, tulitembea. Siku nane barabarani, ukihesabu na ile ya mvua. Na kwa kuwa nimechoka kurudia, na kwa kuwa shemeji Masanja anasimulia safari hii kwa namna ya kujisifu yeye na kuniumbua mimi, nimeona niandike mwenyewe. Atakayecheka acheke, ila asije tena dukani kuniuliza wakati nina cherehani ya mtu ya kutengeneza mezani.

Kwa asiyemjua, Masanja ni mume wa mdogo wangu Minza. Ana mashine ya kusaga hapa kwetu Ilemela. Ni mfupi, mbishi, na anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu amezoea kushindana na injini. Miaka minne iliyopita mume wa dada yake, dada Mbuke, alifariki kule Nassa. Masanja ndiye ndugu pekee wa kiume upande wa mke, kwa hiyo walimsubiri ndipo wazike. Siku hiyo mashine ilikuwa imekorofisha na wateja wamejipanga mpaka barabarani, akasema ngoja nitengeneze kwanza, nitawahi. Watu wakakaa na jeneza mpaka saa kumi jioni. Hakutokea. Kesho yake akaona aibu kwenda, wiki iliyofuata aibu ikawa kubwa zaidi, mwisho akawa hata simu hapigi. Dada Mbuke naye akanyamaza.

Mwaka jana Masanja alianguka kutoka kwenye paa la banda la mashine, akavunjika nyonga, akalala miezi mitano. Ilikuwa hukohuko kitandani, mbele ya Minza na mimi, alipoweka nadhiri: akiinuka atakwenda kwa dada yake kwa miguu yake mwenyewe, akaombe radhi. "Asinifukuze tu," alisema. "Akinifukuza, shemeji, sijui nitaishije." Sikuwahi kumwona Masanja akilia kabla ya siku ile, na naomba asijue kwamba nimeliandika hili.

Haya, tuondoke.

Ilemela: kushuka mlima wetu wenyewe

Daktari alimruhusu kutembea, ila akamwambia atafute kitu cha kujishikiza. Mkongojo akaukataa katakata. Eti mkongojo ni wa wazee, na yeye ana miaka sitini na mitatu tu. Basi mimi kwa wema wangu nikaenda mitumbani, nikapata fimbo mbili za chuma chepesi, ndefu, zinang'aa, na karibu na ncha kila moja ina kisahani cha plastiki kipana kama kifuniko cha sufuria. Muuzaji aliniapia mbele za Mungu kwamba hizo ndizo Wazungu wanazopandia Kilimanjaro. Nikarudi nazo mtaani kifua mbele.

Masanja akazishika. Mikono ikapanda mpaka usawa wa masikio.

"Shemeji," akasema, "umeninunulia fimbo au umeninunulia nguzo za goli?"

Tuna jirani, Baba Aika, anayeuza vipuri vya pikipiki. Ujanani alibeba mizigo ya watalii kule Kilimanjaro. Alipoziona fimbo zangu alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Mzee Mabula, hizi ni za watu wa kuteleza kwenye theluji! Hicho kisahani ni cha kuzuia fimbo isizame. Sasa wewe theluji utaikuta wapi, Kisesa?"

Alipomaliza kucheka akatufundisha, na hapa nawaomba msikilize, maana nusu yenu mna magoti mabovu na mnajifanya hamna. Fimbo ya kutembelea mbali inakuwa na vipande viwili au vitatu vinavyoingiana, upate kuirefusha na kuifupisha. Unasimama wima, unaweka ncha chini karibu na mguu, na kiwiko kinatakiwa kikunjike kama kona ya meza. Ukianza kupanda mlima unaifupisha kidogo, ukishuka unairefusha. Kwenye maungio, Baba Aika anapenda lile komeo la kubana kwa kidole. La kuzungusha likishaingia vumbi letu hili huwezi kuliamini. "Usiangalie rangi," alisema. "Ifunge, halafu iegemee kwa uzito wako wote palepale mbele ya muuzaji. Ikizama, mrudishie fimbo yake."

Kishikio nacho kina maneno. Plastiki tupu ukitoka jasho inateleza na kuchubua kiganja, afadhali cha sponji, au cha lile gome laini linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Nikamuuliza kuhusu zile za kaboni, maana nilisikia ndizo nyepesi. Akasema ni nyepesi kweli, lakini ikigonga jiwe vibaya inavunjika pu, na umebaki porini. Ya aluminiamu inapinda tu, na kilichopinda unakinyoosha na kufika nacho nyumbani. Kwa mawe ya huku kwetu hakusita hata kidogo: aluminiamu.

Ndugu wa Baba Aika akatuma jozi moja kutoka Moshi, zimetumika lakini nzima, na Masanja akapata fimbo zake. Mimi nikasema zile za kwangu hazina kasoro, nitazitumia mwenyewe. Minza akanitazama kwa huruma.

"Kaka, si lazima ushinde kila kitu."

Nani alikuwa anashinda? Nilikuwa nimeshazinunua.

Tuliondoka alfajiri ya Jumatatu. Mnajua njia ya kushuka kwetu ilivyo, mawe tupu. Masanja na nyonga yake iliyoungwa alishuka taratibu, fimbo kwanza, mguu baadaye, kama mtu anayehesabu ngazi. Mimi mzima wa afya visahani vyangu vikanasa katikati ya mawe mara tatu. Mara ya tatu nilibaki nimening'inia mkono mmoja huku mama mmoja na ndoo yake kichwani akinisubiri nimpishe. "Mwangaluka, baba," akaniamkia kwa adabu zote. Adabu ile iliniuma kuliko angecheka.

Kisesa: siku ya mvua na matobolwa

Kwenye lami fimbo za Masanja hazikupiga kelele, kwa sababu zilivalishwa kofia za mpira kwenye ncha. Za kwangu zilikuwa chuma kitupu. Ko, ko, ko, kutoka Ilemela mpaka Kisesa. Mbwa walitusindikiza kwa zamu, kila mtaa na mbwa wake.

Naye asijifanye, alikuwa na vituko vyake. Alitembea mkono wa kulia na mguu wa kulia kwa pamoja, kama askari wa siku ya kwanza depo. Halafu alizikamata fimbo kama anamnyonga mtu. Tulipofika Kisesa viganja vilikuwa na malengelenge. Ndipo tukakumbuka ile kamba ya kwenye kishikio ambayo Baba Aika alituonyesha na sisi tukaitikia tu bila kusikiliza. Mkono unapita kwenye kamba kutokea chini kwenda juu, kisha unashuka kukamata kishikio. Hapo uzito unabebwa na kamba, vidole vinagusa tu. Na mkono unakwenda na mguu wa upande wa pili. Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, wazee wawili tunazunguka mti wa mpapai, mhudumu anatutazama dirishani hajui aite nani.

Usiku huo ikanyesha, na kesho yake ikanyesha kutwa nzima. Minza alitufungia matobolwa, viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa, akasema vitatufikisha Nassa. Masanja alivimaliza siku ileile ya mvua, amekaa kitandani, anatazama nje. Nilitaka kumfokea. Kisha nikasikia ananong'ona peke yake: "Dada, mimi ni mkosaji." Anakohoa, anaanza upya: "Dada, najua sina haki." Nikaacha ale.

Kuelekea Magu: tunapokewa kama wakubwa

Tulivuka daraja la Mto Simiyu, na kabla ya kufika Magu tukakuta mgahawa wa mabati kando ya barabara, wa mama mmoja anayeitwa Mama Kundi. Hatukumjua wakati huo. Tulisimama tu kwenye kivuli cha ukuta wake kurekebisha fimbo za Masanja, maana komeo moja lilikuwa limelegea.

Fimbo hizo zimeandikwa namba za sentimita ubavuni. Masanja hana miwani, kwa hiyo yeye alisimama wima kwenye ukuta na mimi nikainama kusoma.

"Mia na kumi!" nikasema.

"Imezidi. Punguza!"

"Mia na tano!"

"Hapohapo! Weka alama!"

Nikatoa kalamu nikaweka alama kwenye fimbo. Kumbuka na mimi nina zangu mbili, zinang'aa, zina visahani, nimezichomeka ardhini moja huku na moja kule ili zisianguke. Mlango ukafunguka. Mama mnene akatoka akifuta mikono kwenye kanga, anatabasamu, lakini macho hayatabasamu.

"Karibuni wazee wangu. Karibuni ndani, jua kali hili. Kwanza mle."

Nikamwambia Masanja kwa chini, watu wa Magu ni wakarimu. Mama Kundi akaleta sato wa kukaanga, mmoja wangu na mmoja wake, mkubwa amejaa sahani na mkia umetoka nje. Ugali wa moto. Mlenda. Tukala. Akaleta sato mwingine hatujaomba. Mara wakaanza kuingia watu. Mzee mmoja akavua kofia, akanipa shikamoo, mimi niliye sawa na mdogo wake! Bwana mwingine akaja amekumbatia jogoo, akamweka miguuni pangu.

"Mkubwa," akasema, "nyumba yangu ipo ndani ya mpaka. Aliyesogea ni yule wa ng'ambo. Kama ni kupiga X, anzeni kwa yule."

Jamani! Ndipo taa ikaniwakia. Mnajua habari za hifadhi ya barabara, mtu anaamka asubuhi anakuta ukuta umechorwa X nyekundu ya kubomolewa. Na hapa wazee wawili wamesimama ukutani kwa mama wa watu na vyuma vinavyong'aa, wanatajiana namba na kuweka alama.

Kabla sijafungua mdomo, Masanja na tonge lake shavuni akaona ndiye atafafanua.

"Hapana, hapana. Sisi tumetumwa na moyo tu. Tunakwenda kuomba radhi."

Watu wakatazamana. Yule mzee wa kofia akauliza taratibu, "Serikali inaomba radhi?"

Ilinichukua muda mrefu kueleza. Nilieleza nyonga, nikaeleza paa, nikaeleza dada Mbuke na jeneza lililosubiri. Mwenye jogoo alimchukua jogoo wake kabla sijafika kwenye mazishi. Mama Kundi alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Nikadhani atatumwagia mchuzi. Badala yake akacheka, akacheka, machozi yakamtoka, na mwishoni sikujua kama bado ni ya kicheko.

"Mmenitoa roho," akasema. "Nilishaona mabati yangu chini." Kisha akanyoosha kidole kwenye zile fimbo zangu. "Hizi zinabaki. Hizi ndizo zilizonitisha."

Sikubisha. Tulipoondoka alikuwa ameshazichomeka uani, ncha juu, ametandika wavu juu yake, anaanika dagaa. Visahani vilizuia wavu usiporomoke. Masanja akasema ni mara ya kwanza kuona hela yangu ikifanya kazi ya maana.

Baada ya Magu: goti langu

Sasa nilikuwa mikono mitupu, na njia inapanda na kushuka. Kupanda si neno, ni pumzi tu. Kushuka ndiko kulikoniua. Kila hatua mwili wangu wote, na mnaujua mwili wangu, ulitua juu ya goti la kushoto. Siku ya sita niliteremka kilima kwa kurudi kinyumenyume, na Masanja akasimama chini akinitazama bila kusema kitu. Masanja bila kusema kitu! Nikajua hali yangu ni mbaya.

Akaifungua fimbo yake moja, akairefusha.

"Shika, twiga wewe. Mkono wa kulia. Goti bovu ni la kushoto, fimbo inakaa upande wa pili."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki na moja. Nyonga imeshazoea."

Nilishuka kilima kilichofuata na fimbo, na nasema wazi, kwa herufi hizi ninazoandika: ilikuwa tofauti kabisa. Unaichomeka mbele chini, uzito unaingia mkononi na begani kabla haujafika gotini. Goti linapata nafuu, na wewe unapata akili ya kutazama mandhari badala ya kutazama kidole gumba cha mguu. Kwenye kijito chenye mawe ya utelezi tulivuka kwa kuchomeka fimbo kwanza, kusikilizia, ndipo mguu. Masanja alinilazimisha nikiri kwa sauti, katikati ya maji, kwamba nilikosea kununua zile za theluji. Nilikiri. Angekuwa na shahidi angeniandikisha.

Lakini kadiri Nassa ilivyokaribia, utani ulimwishia. Siku ya nane ziwa lilipoonekana chini, jeupe kwa jua, akakaa juu ya jiwe.

"Turudi, shemeji."

"Turudi wapi?"

"Nimeweka nadhiri ya kutembea. Nimetembea. Inatosha."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia mimi nimeacha duka, nimeumwa na mbwa wa Kisesa kwenye suruali, nimekula sato wa rushwa, goti limevimba, na yeye ananiambia inatosha? "Ulisema atakufukuza. Basi twende ukafukuzwe, ujue moja!" Akainuka. Kwa kweli na mimi nilikuwa naogopa.

Nassa: kwa dada Mbuke

Nyumba yake iko mtelemkoni juu ya ziwa. Tulimkuta uani anachambua mchele. Ni mwanamke mrefu, mkavu, na umri wake haumruhusu mtu kumfanyia mchezo. Masanja akavua kofia.

"Shikamoo, dada."

Dada Mbuke akaendelea kuchambua. Nikasubiri. Kuku wakapita.

"Shikamoo, dada," nikasema na mimi.

"Marahaba, Mabula. Hujambo? Minza hajambo?"

Ya Masanja ikabaki palepale hewani. Sijawahi kuona shikamoo inakaa hivyo bila kuitikiwa. Mtu mzima mwenzangu alisimama na kofia yake mkononi, na mimi nikataka ardhi ipasuke nimfiche.

Hakutufukuza, hilo niseme. Alileta viti viwili. Alileta maziwa mgando, jioni akapika wali na sangara. Ila alizungumza na mimi tu. "Mabula, mwambie mwenzio maji ya kuoga tayari." Mwenzio amekaa pua na pua naye! "Mwambie mwenzio aongeze mboga." Nikawa nageuka, nasema, "Masanja, ongeza mboga," na Masanja anajibu, "Mwambie dada nimeshiba, asante." Siku nyingine ningecheka. Usiku ule nililala nikiwa na hasira na wote wawili.

Asubuhi dada Mbuke akatoka na jembe dogo. Akasema, kwa kuniambia mimi, kwamba anakwenda kupalilia kaburi la mume wake, liko chini karibu na maji. Akafika mwanzo wa njia, akasimama. Njia ile ni mawe yaliyopandana, inashuka ghafla. Akaweka mguu, akaurudisha.

"Tangu masika sijashuka," akasema. "Magoti yamenikataa."

Masanja akanijia, akachukua fimbo mkononi mwangu bila kuniomba, akampelekea. Dada yake akaipokea bila kumtazama usoni. Ilikuwa imerefushwa kwa ajili yangu, kiwiko chake kikapanda juu kama cha mtu anayepeleka bendera. Dada Mbuke akaitazama fimbo. Akatazama ziwa.

"Ndefu," akasema. "Ifupishe."

Hakuniambia mimi.

Masanja akapiga goti moja juu ya mawe, na nyonga ile. Akafungua komeo, akaisukuma ndani, akakishika kiwiko cha dada yake kwa vidole viwili na kukipima. "Tunashuka, dada, tuiache ndefu kidogo," akasema. Mkono wa dada haukuondolewa.

Wakashuka pamoja, kila mmoja na fimbo yake, kaka mbele akichomeka na kusema "hapa pana utelezi," dada nyuma akichomeka palepale. Mimi sikuwa na fimbo tena. Nilishuka kwa makalio, jiwe hadi jiwe, na suruali ile Minza ameigeuza kitambaa cha jikoni.

Kaburi lilikuwa limefunikwa na majani. Masanja akapalilia lote, hakutuachia hata sehemu. Alipomaliza akabaki amesimama, kofia mkononi, na yale maneno aliyoyafanyia mazoezi siku nane yote yakampotea.

"Shemeji," akaliambia kaburi, "walikusubirisha juani kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa natengeneza mashine." Akaokota jani lililobaki juu yake. "Nimekuja."

Dada Mbuke alikuwa ameegemea fimbo, anatazama majani yaliyokatwa. Kisha akamgeukia mdogo wake, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Jana uliniamkia," akasema. "Marahaba, Masanja."